Mwaka Tulipoamriwa Kutosheka

Haya si ya zamani wala si ya kale. Waliotenda wapo, na waliotendwa baadhi yao wapo. Nchi yenyewe sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu mwaka ule jina lake lilipelekwa wizarani kurahisishwa, na mpaka naacha kazi lilikuwa halijarudi. Nitasema tu nchi yetu. Msomaji akiona inafanana na yake, basi ni bahati mbaya, tena nampa pole.

Mwaka ule mabomba yalikauka miezi tisa mfululizo. Unga ulipatikana kwa kujuana. Zahanati moja ilikuwa na daktari bila dawa, ya pili ina dawa bila daktari, na kati yao kulikuwa na mto usio na daraja. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo Mheshimiwa Waziri Kibwana Shehuna alipotoka ziarani Uchina, alikokaa siku arobaini, akarudi na makasha kumi na moja ya mizigo na kitabu kimoja chembamba. Makasha yalikwenda nyumbani kwake. Kitabu akakileta kwa wananchi.

"Ndugu zangu," alituambia uwanjani, maofisa wawili wakimshikia mwavuli, "tumejidanganya kwa muda mrefu kwamba nchi hii ina upungufu. Haina! Wahenga wa Uchina walifuata Tao, yaani Njia, wakaishi kwa raha na kitu kidogo. Mimi nimekwenda, nimeona, nimeelewa. Tatizo la maji haliko kwenye bomba, ndugu zangu. Liko kwenye kiu!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilikuwa nimeajiriwa asubuhi ile ile.

Akaendelea kueleza kwamba wahenga hao walifundisha pia Kutotenda: usiyalazimishe mambo, yaache yafuate mkondo wake. Serikali yetu, alisema, imekuwa ikilitekeleza fundisho hilo kwa miaka thelathini bila kujua jina lake. Akatoa mfano wa barabara ya kaskazini. Wazee waliotoka kaskazini, ambao walitembea siku mbili kuja kumsikiliza, wakatikisa vichwa kwa mshangao wa kujua kwamba walikuwa wamepita kwenye falsafa.

*

Naitwa Ngwali Hamdu. Nilikuwa Mkaguzi wa Kutosheka, Daraja la Tatu, katika Wizara ya Utulivu. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na Fomu K-7, yenye maswali arobaini na mawili. Swali la kwanza: Je, umetosheka? La pili: Tangu lini? La tisa: Je, jana ulitamani kitu chochote? Kama ndiyo, kitaje, na umtaje aliyekutuma kukitamani.

Aliyefaulu alibandikiwa kibandiko cha kijani mlangoni. Aliyeshindwa alipelekwa Nyumba ya Utupu, lile ghala la zamani la pamba nyuma ya stesheni, akafundishwe kujivua matamanio. Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili. Wa kwanza waliorudi walirudi wembamba, wanaongea kwa kunong'ona, na ukiwauliza walichojifunza wanasema, "Tumeshukuru." Baadaye wakawa hawarudi. Nilimuuliza mkubwa wangu wa kazi, akanijibu kwamba wiki mbili ni kipimo cha watu wenye haraka, na haraka ni aina ya tamaa.

Nyumba ambazo wote wamechukuliwa zilitiwa lakiri ya nta nyekundu. Katika kata yangu zilifika kumi na saba.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuliandika katika ripoti yoyote. Kuanzia mwezi wa tano, nyumba zile zilianza kutwanga. Saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wako njiani, unapita mbele ya mlango wenye lakiri unasikia ndani mchi ukipiga kinu: du, du, du. Unasimama, unanyamaza. Unatazama nta, haijaguswa. Unaendelea na safari yako, na nyumba ya pili nayo inatwanga. Jirani aliyesimama kizingitini anakutazama ukisikia, nawe unamtazama akisikia, kisha kila mmoja anamuuliza mwenzake habari za asubuhi.

Wizara ilipopata habari ilitoa waraka: Ni marufuku kusikia. Swali la arobaini na tatu likaongezwa kwenye fomu.

*

Ilipokaribia Siku ya Kutosheka ya Taifa, Mheshimiwa alitaka apatikane mwananchi mmoja aliyetosheka kuliko wote, apandishwe jukwaani. Tatizo likawa moja. Wananchi wote waliobaki walikuwa wamefaulu fomu, lakini hakuna aliyeweza kutabasamu bila kutetemeka. Tukaagizwa kwenda kumtafuta aliyetosheka kweli.

Nilimpata mwisho wa mtaa wa Mfereji Mkavu. Alikuwa dobi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mikono imekunjamana kwa maji. Alikuwa amerudi kutoka mtoni na karai la nguo kichwani. Nikavua viatu mlangoni, nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina langu. Mama yangu alikuwa amekata tamaa ya kuzaa."

Nikaandika. Ndani mlikuwa na mkeka, jiko la mkaa, pasi ya mkaa, sufuria mbili, na kamba ya nguo iliyokatiza chumba. Kuta zilipakwa chokaa, safi. Sijui kwa nini, lakini nilipokaa mkekani niliona kama mtu amenitua mzigo ambao sikujua kwamba naubeba. Nikamuuliza maswali, naye akanijibu yote huku akikunja nguo, bila kuharakisha na bila kuchelewa.

"Je, umetosheka?"

"Leo nimekula muhogo. Mto ulikuwa na maji. Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

Akacheka kidogo. "Nilipokuwa msichana nilikuwa nafua nguo za Wachina waliojenga ile barabara ya kaskazini, kabla haijawa shimo. Walikuwa na mpishi wao, Bwana Lu. Kila akimaliza kazi alikuwa anakuja kukaa kwenye jiwe kando yangu, anatazama mto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Ananiambia, 'Maji hapana haraka, lakini iko fika.' Siku nyingine nimeikasirikia nguo, naipigapiga, ananiambia, 'Wewe gombana na doa? Doa hapana jua wewe iko hasira.' Basi nikaacha kugombana. Ndiyo elimu yangu yote, baba. Kitabu sikuona."

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika. Kwa miezi mitano nilikuwa nimesoma yale maneno ya Waziri mara tatu kwa siku, na hapo ndipo nilipoyaelewa mara ya kwanza, kwa mtu ambaye hakuwahi kuyasikia.

Kisha akamimina chai. Akaweka vikombe vitatu: changu, chake, na kimoja akakiweka upande wa ukuta, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Swali la kumi na tisa linauliza: Je, yupo asiyekuwepo unayemfikiria? Nikaliuliza kwa sauti ya chini.

"Yupo," alisema. "Mume wangu. Shomari, fundi bomba."

Chai ikanipalia.

Shomari fundi bomba nilimjua. Nilimkagua mwezi wa nne, kwenye kibanda chake cha kazi sokoni. Nilipomuuliza kama anatamani kitu, alinicheka usoni. "Mimi ni fundi bomba, kaka. Natamani maji. Au unataka nitamani nini?" Nikaandika: *Anatamani maji. Hakumtaja aliyemtuma.* Gari lilikuja kabla ya adhuhuri.

"Unamtamani arudi?" nilimuuliza mkewe, maana ndivyo fomu inavyotaka.

Akalitafuta jibu kwa uaminifu. "Simtamani. Namngojea. Si kitu kimoja."

Kwenye fomu nikaandika *Hapana*. Nilipotoka, nyumba ya jirani ilikuwa inatwanga.

*

Siku ya Kutosheka ilifanyika uwanjani asubuhi. Mheshimiwa alihutubia kwa muda wa saa mbili na nusu juu ya ufupi. Aliwasifu wananchi kwa kutokula, akasema kwamba utafiti umeonyesha kuwa sahani tupu huoshwa kwa urahisi. Kisha akamwita Mtu Aliyetosheka wa Taifa, na Bi Sikudhani akapanda jukwaani na kanga yake ya kila siku, iliyofuliwa ikapauka.

Zawadi zake zilikuwa zimepangwa pembeni: jokofu, seti ya makochi, kitanda cha futi sita, na televisheni ya kuangalia hotuba za kutosheka. Sehemu yake katika sherehe ilikuwa imeandikwa. Waziri angemuuliza kama anataka kitu, naye angejibu, "Hapana, Mheshimiwa," kisha angekabidhiwa vyote.

"Mama," Waziri alisema kwenye kipaza sauti, "je, kuna kitu unakitaka?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Makofi. Lakini alikuwa bado hajatoka kwenye kipaza sauti.

"Mimi nimetosheka, baba. Nina mto, nina muhogo. Ila nawaonea nyinyi huruma, maana nyinyi hamjatosheka. Mna watu mia nne ndani ya lile ghala, na bado kila asubuhi mnatuma gari kutafuta wengine. Mtu aliyetosheka anafanya nini na watu mia nne?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mgonjwa ameanza kuumwa lini. Uwanja mzima ukawa kimya. Katika kimya kile, mbele ya maaskari, mabalozi na bendi ya polisi, watu elfu sita tukasikia kutwanga kunatoka mitaani. Si nyumba moja wala kumi na saba. Mji wote.

Mkuu wa bendi akapiga fimbo yake, tarumbeta zikalia, hafla ikafungwa.

Bi Sikudhani alishuka jukwaani, akawapita maofisa waliobeba jokofu, akatembea mpaka nyuma ya stesheni. Akaketi chini mbele ya lango la Nyumba ya Utupu. Kesho yake wakaja watu wanane, wakaketi nyuma yake. Siku ya tatu walikuwa mia mbili.

Serikali ilipata taabu kubwa. Askari walipelekwa, kamanda akauliza kwa kipaza sauti: "Mnafanya nini hapa?"

"Hatufanyi kitu," walimjibu.

Kamanda akarudi kuomba maelekezo. Kutofanya kitu kulikuwa ndiyo sera ya taifa. Mwanasheria wa Wizara alikesha juu ya suala hilo, akaandika kurasa sitini kueleza kuwa wananchi wale hawafanyi kitu kwa namna isiyo sahihi, lakini hakuna aliyeweza kusema namna iliyo sahihi ni ipi.

Siku ya tano nilikwenda mwenyewe. Sikutumwa. Nikaketi karibu naye, nikavua miwani yangu, maana nilikuwa siwezi kumtazama nikimwona vizuri.

"Mama," nilimwambia, "mimi ndiye niliyemwandika Shomari."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponibishia hodi. Watu wa sokoni waliniambia, mkaguzi mwenye miwani iliyofungwa uzi."

"Na ukanipa chai?"

"Ulikuwa na kiu," alisema. Kisha akaongeza, "Usidhani haikuniwia vigumu, mwanangu. Nilimimina ile chai kwa mkono huu, na huu mwingine nimeukalia."

*

Siku ya tisa Mheshimiwa alikuja mwenyewe, ana furaha. Alikuwa amepata ufumbuzi. "Mnasema tumefungia watu?" alisema. "Ingieni mtazame! Serikali yenu haifichi kitu." Akaamuru lango lifunguliwe.

Tukaingia. Chumba baada ya chumba, hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, kuta zimepakwa rangi nyeupe, mbichi bado. Mlinzi wa ghala alitufuata na daftari, na pembeni ya kila jina lilikuwa limeandikwa neno moja: *Amehitimu*. Mia nne na kumi na wawili, wote wamehitimu. Wamekwenda wapi? Mlinzi alifungua ukurasa wa mwisho, akafunga. Hapakuwa na sehemu ya kuandika hilo.

"Mmeona?" Mheshimiwa alisema. "Nyumba ya Utupu, na ni tupu. Ni wapi pengine duniani mmeona serikali inayotimiza jina?"

Mama mmoja aliketi chini palepale. Mwingine alikuwa anaupapasa ukuta ule mbichi, rangi nyeupe inamganda viganjani.

Chumba cha mwisho kilikuwa na nguo. Zilijaa mpaka dirishani: mashati, kanzu, magauni, kofia, kanga, viatu, aproni ya mpishi, koti la shule la mwalimu. Kila aliyehitimu alikuwa ameacha matamanio yake pale. Bi Sikudhani alisimama mlangoni muda mrefu sana. Kisha akaingia peke yake, akaanza kuinua moja moja.

Mheshimiwa akatoa kauli ya mwisho kwamba suala limefungwa, akaondoka. Hata miezi miwili haikupita, Wizara ya Utulivu ikavunjwa. Waziri yule yule akapewa Wizara ya Ari na Matamanio, kwa kuwa alikuwa ametoka ziarani tena, nchi nyingine, na wale waliokuwa na kibandiko cha kijani wakaanza kukikwangua usiku na mchana, maana kutosheka sasa kulikuwa uvivu, na uvivu ulikuwa hujuma. Ghala wakalisahau. Na mitaani, kutwanga kukakoma. Kulikoma siku lango lilipofunguliwa, saa nne asubuhi, na sijui ni kipi kilichotutisha zaidi, sauti ile au kukoma kwake.

*

Niliacha kazi. Nikawa nakwenda mtoni na Bi Sikudhani kila siku, yeye anafua, mimi nakamua. Alisema nguo hizi zina wenyewe, na hata kama wenyewe hawatarudi, kuna watu wao, na haifai mtu apewe nguo ya ndugu yake ikiwa chafu. Tukafunga kamba kutoka ghala hadi stesheni. Nguo zikaning'inia, upepo ukiingia ndani mwake zinatanuka mabega na vifua, abiria kwenye treni wanageuza nyuso. Watu walikuja, wakitembea katikati ya zile kamba polepole. Mtu anasimama. Anashika mkono wa shati. Tunamtolea vibanio.

Nilijifunza kukamua. Niliacha kuhesabu zilizobaki. Asubuhi nyingine jua likipiga maji na povu likishuka na mkondo, nilijikuta nimetulia, nikaona aibu ya kutulia, nikamwambia. Akasema, "Kamua hiyo iliyo mkononi." Nikakamua.

Kisha akaja mwanamke kutoka kaskazini, Bi Nyamizi, ametembea siku mbili. Alikuwa akimtafuta binti yake, muuguzi. Alipitia kamba zote, akalikuta gauni la buluu lenye kiraka kwapani alichokishona mwenyewe. Akalishika kwa mikono miwili, akauzika uso wake ndani yake, akavuta pumzi.

Akainua uso. "Mmelifua?"

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Kwa nini mmelifua?" Sauti yake ilipanda. "Nani aliwaambia? Linanukia sabuni! Mwanangu hayumo! Alikuwemo humu, alikuwemo, mmemtoa mkamtupa mtoni!"

Nilimtazama Bi Sikudhani nikingojea aseme neno, moja ya yale maneno yake ya maji na madoa. Hakuwa nalo. Alikwenda akamkumbatia yule mwanamke, na yule mwanamke akampiga ngumi mgongoni, mara nyingi, naye akakaa hivyo mpaka mikono ya mwenzake ikachoka.

Bi Nyamizi alipoondoka na gauni lake, Bi Sikudhani aliirudisha sabuni kwenye kopo. Tukarudi ghalani. Zilikuwa zimebaki nguo kama mia. Tukazitundika kama zilivyo, na jasho lake, na vumbi lake, na madoa ambayo hatukuulizana ni ya nini.

Kisha akanyanyua gunia lililokuwa limekunjwa kwenye kona, akatoa chini yake shati la kaki, la kazi, lenye grisi kifuani. Nililijua kabla hajalifungua.

"Hili nililiona siku ya kwanza," alisema. "Nikalificha. Kila siku najiambia, kesho nitalifua. Nimezifua za watu wote, hili sikulifua. Niliona haya, mwanangu. Nilisema, wewe Sikudhani, unayejifanya umetosheka, shati moja linakushinda kuliachia."

Nikaliokota lile gunia, nikalikunja upya, nikalirudisha kwenye kona.

Akalivaa juu ya kanga yake. Lilimfika magotini, mikono ikamzidi, akaikunja mara mbili. Akawasha jiko palepale mlangoni pa ghala, akachoma muhogo, akaumenya, akanikatia kipande. Tukala. Treni ya saa kumi ikapita, abiria wakatutazama. Aliinamisha pua kwenye kola ya lile shati, akafumba macho, akaendelea kutafuna.